Mgongo wa Mwalimu Nao ni Chombo cha Kazi

Mfanyakazi wa kiwanda cha kuchambua pamba akikatwa kidole na mashine, kazi husimama. Msimamizi huja mbio, jina la majeruhi huandikwa, saa ya ajali huandikwa, na mtu hukimbizwa hospitali. Hakuna atakayethubutu kusema kwamba kidole kile kimekatwa na uzee.

Mwalimu wa shule ya msingi akishindwa kuinua mkono wa kulia hadi juu ya ubao, mambo huwa mengine kabisa. Hakuna damu iliyomwagika wala mashine ya kulaumiwa. Mwenzake atamwambia ni baridi ya usiku. Jirani atasema ni umri. Mwingine atanong'ona kwamba huenda ametupiwa jambo na watu wasiompenda. Naye mwenyewe atanunua vidonge viwili vitatu dukani, avimeze kwa maji ya bombani, kisha aingie darasani kwa kipindi cha nne.

Ndugu msomaji, wafanyakazi hawa wote wawili wameumia kazini. Tofauti yao ni kwamba wa kwanza ameumia kwa nukta moja, na wa pili ameumia kwa miaka kumi na mitano. Jeraha linalokuja kwa nukta moja huonekana, huandikwa na hulipwa. Jeraha linalokuja pole pole halina tarehe, na kwa sababu halina tarehe, watu hudhani halina chanzo. Makala haya yanahusu jeraha hilo la pili, yaani maumivu ya misuli na viungo yanayowapata walimu, tukitazama hasa hali ya Bariadi na mkoa wa Simiyu.

HESABU YA SIKU MOJA

Yafaa tuanze na hesabu, kwa kuwa mwalimu ni mtu wa hesabu. Tuseme mwalimu ana vipindi 6 kwa siku, kila kimoja dakika 40. Hizo ni saa 4 za kusimama, na sehemu kubwa ya muda huo mkono mmoja uko juu ya bega ukiandika. Mwaka wa masomo nchini una siku 194. Kwa hiyo mwalimu huyo husimama mbele ya ubao saa 776 kwa mwaka. Akianza kazi akiwa na miaka 25 na kustaafu akiwa na miaka 60, atakuwa amesimama zaidi ya saa 27,000.

Sasa tuje kwenye madaftari. Kiwango kilichowekwa na serikali kwa shule za msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Lakini tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, watoto wengi waliokuwa wakibaki nyumbani waliingia shuleni, jambo jema ambalo kila mzazi hulishangilia. Walimu na vyumba havikuongezeka kwa kasi ile ile. Tuseme darasa lina watoto 90, na mwalimu amewapa zoezi katika masomo mawili. Akitumia dakika moja tu kwa kila daftari, hizo ni dakika 180, yaani saa 3 za kuinamisha shingo, baada ya saa 4 za kusimama. Kiwango kile kingefuatwa, kazi hiyo ingekuwa ya saa moja na nusu.

Hapo ndipo ukweli wa kwanza unapojitokeza. Idadi ya watoto darasani haihusu ubora wa masomo peke yake. Ni kipimo cha mzigo unaobebwa na shingo ya mtu mmoja.

KINACHOTOKEA MWILINI

Mkono wa mtu mwenye uzito wa kilo 60 una uzito wa karibu kilo 3. Mwambie mtu yeyote anyanyue kopo la kilo 3 juu ya bega na alishikilie kwa dakika 10, atakataa kabla ya dakika ya tatu. Mwalimu hushikilia uzito huo kila siku, ila hauonekani kwa kuwa ni mkono wake mwenyewe.

Msuli unapofanya kazi ya kukaza na kulegea, damu hupita ndani yake, ikileta hewa safi na chakula na kuondoa taka. Msuli unapokazwa bila kulegezwa, mishipa midogo ya damu hubanwa. Msuli hubaki na njaa na uchafu wake. Hapo ndipo huanza kuuma. Juu ya kifundo cha bega zipo kano zinazopita katika uwazi mwembamba kati ya mifupa. Mkono unapoinuliwa mara kwa mara, kano hizo husuguliwa na kuvimba, na mwishowe hata kuvaa shati huwa kazi.

Shingo nayo ina kisa chake. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5. Kikiwa wima, mifupa ya shingo hukibeba kama mtungi uliokaa vizuri kichwani. Kikiinama mbele juu ya daftari, misuli ya nyuma ya shingo hulazimika kukivuta kisianguke.

Mgongoni, kati ya pingili na pingili, zipo tufe bapa laini zinazofanya kazi ya mto. Tufe hizo kwa mtu mzima karibu hazina mishipa ya damu ndani yake. Hupata chakula chake kwa kubanwa na kuachiwa, mfano wa sifongo inayofyonza maji. Mtu anayekaa katika mkao mmoja kwa saa nyingi hulinyima sifongo hilo maji yake. Kwa hiyo adui wa mgongo si kusimama wala kukaa. Adui wake mkubwa ni kudumu katika mkao mmoja.

Mwisho, tusisahau miguu. Damu ya miguuni hurudi moyoni kwa kusukumwa na misuli ya ndama. Mtu akisimama bila kutembea, damu hujikusanya chini, miguu huvimba na kuwa mizito jioni. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki hujazwa na vijisehemu vya maumivu ambavyo hakuna aliyevijali.

SWALI LA MGANGA WA ITALIA

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1700 mganga mmoja wa Italia, Bernardino Ramazzini, alitoa kitabu kuhusu magonjwa ya mafundi na wafanyakazi. Alitembelea karakana na mashimo ya kazi, akaona mambo ambayo waganga wakubwa wa zama zake hawakujishughulisha nayo. Aliandika habari za makarani wanaoumwa kwa kukaa sana, kwa kurudia mwendo ule ule wa mkono, na kwa kusumbua akili wasije wakakosea hesabu. Msomaji atatambua kwamba hiyo ni karibu picha ya mwalimu asahihishaye madaftari.

Ramazzini aliwausia waganga waongeze swali moja katika maswali wanayomwuliza mgonjwa: je, kazi yako ni nini? Zaidi ya miaka 300 imepita, na swali hilo bado husahaulika. Mgonjwa huulizwa ameanza kuumwa lini, anaumwa wapi, amekula nini. Asipoulizwa kazi yake, ugonjwa wake huandikwa kama wa mtu binafsi, na wa kesho yake vivyo hivyo, hata walimu kumi wa shule moja wakawa na bega bovu la kulia pasipo mtu kugundua kwamba ni bega lile lile na ubao ule ule.

Pale ambapo watafiti wameuliza swali hilo, majibu yamekuwa makubwa. Mwaka 2011 Patience Erick na Derek Smith walikusanya tafiti zilizofanywa kwa walimu wa nchi mbalimbali, wakakuta kwamba walimu wenye maumivu ya misuli na viungo walikuwa kati ya asilimia 39 na 95, kutegemea nchi na namna walivyoulizwa. Wataalamu hao waliwageukia pia walimu wa Botswana, nchi mwenzetu katika Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika. Kati ya walimu 1,747 waliojibu, asilimia 55.7 walisema wameumwa kiuno katika miezi 12 iliyotangulia. Waliofanya kazi mikono ikiwa katika mikao migumu waliumwa zaidi. Waliofanya mazoezi ya mwili mara kwa mara waliumwa kidogo zaidi. Yaani zaidi ya nusu ya walimu wale walishika viuno vyao mwaka ule. Haiwezekani wote wawe wazee.

BARIADI NA MZIGO WAKE WA PILI

Simiyu ni mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kutoka sehemu za mikoa ya Shinyanga na Mwanza, na makao yake makuu ni mji wa Bariadi. Wilaya zake ni Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Ni nchi ya pamba, ya ng'ombe na ya watu wasioogopa jembe. Mwalimu wa Simiyu anaishi katika nchi hiyo, naye ana shamba lake.

Huo ndio mzigo wake wa pili. Mvua za Novemba na Desemba zinapoanza, ni wakati wa kulima na kupanda, na ni wakati huo huo wa kumaliza mitihani na kujaza taarifa za mwisho wa mwaka. Jembe la mkono lenye mpini mfupi humkunja mtu kiunoni kwa saa nzima. Pamba inapochanua katikati ya mwaka, kuichuma ni kuinama na kunyosha mikono tena na tena. Kwa mwalimu mwanamke, ongeza ndoo ya maji ya lita 20, ambayo ni kilo 20 juu ya shingo ile ile iliyoinamia madaftari, pamoja na mtoto mgongoni. Wengine husafiri kilomita kadhaa kwa baiskeli au pikipiki katika njia zenye makorongo, na kila shimo hupeleka salamu zake kwenye pingili.

Kuna fundisho jingine mkoani humo. Katika miaka ya 2010 vijana wa wilaya ya Maswa walianzisha kiwanda cha chaki, na chaki ya Maswa ikawa fahari ya mkoa. Nchi nzima nayo, mwaka 2016, ilikazana kutengeneza madawati ili mtoto asikae chini. Yote mawili ni mambo ya kupongezwa. Lakini chaki haijiandiki yenyewe, na dawati la mwanafunzi halimkalishi mwalimu. Madawati yalihesabiwa hadi la mwisho. Je, ndugu mzazi, katika shule ya mwanao, ni nani aliyewahi kuhesabu viti vya walimu vilivyo na mgongo wa kuegemea?

YAWEZEKANAYO BILA KUSUBIRI

Walimu hawawezi kungoja hadi kila darasa liwe na watoto 45. Yapo mambo yanayowezekana tangu kesho asubuhi.

Kwanza, ubao. Andika kati ya usawa wa kifua na usawa wa macho, na uache sehemu ya juu kabisa. Ugawe ubao katika safu, usogeze miguu yako kutoka safu hadi safu badala ya kunyosha mkono. Kama ubao umewekwa juu mno, jukwaa la saruji lenye kimo cha tofali moja, pana na refu kama ubao wenyewe, hutosha. Michoro inayorudiwa kila mwaka, kama ramani na viungo vya mwili, ichorwe mara moja katika karatasi za manila na kutunzwa. Na maandishi marefu yaandikwe kwa zamu na wanafunzi wenye mwandiko mzuri, ambao nao watafaidika.

Pili, kusimama. Usiganda kama mlingoti. Tembea kati ya madawati. Unaposimama kwa muda, weka mguu mmoja juu ya tofali, kisha ubadilishe. Viatu viwe na kisigino kifupi na soli nene kiasi. Ukimsaidia mtoto aliyekaa, chuchumaa au keti ubavuni pake, usijikunje kiuno.

Tatu, madaftari. Yainue juu ya boksi au rundo la vitabu ili yafuate macho, badala ya macho kuyafuata. Kila baada ya nusu saa simama, zungusha mabega, nyosha shingo pole pole upande huu na upande huu. Baadhi ya mazoezi yasahihishwe darasani, wanafunzi wakibadilishana madaftari.

Nne, mwili wenyewe. Shule zetu zina mazoezi mazuri ambayo hayadai fedha, nayo ni mchakamchaka. Mwalimu anayesimama pembeni na kuhesabu watoto wanaokimbia anajinyima dawa. Aingie mstarini, hata kwa kutembea haraka.

Nyumbani pia kuna kazi. Mume wa mwalimu akichota ndoo mbili za jioni hajashushwa hadhi yake, ameokoa shingo ya mkewe. Mpini wa jembe ukirefushwa, kiuno hupumzika. Kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto yasiyounguza na kukandwa nacho mahali panapouma huleta nafuu ya kweli. Lakini kulala kitandani wiki nzima kwa sababu ya mgongo wa kawaida ni kosa la zamani. Wataalamu wa leo wanashauri mtu aendelee na shughuli zake kwa kadiri awezavyo, kwa kuwa misuli isiyotumika hudhoofu, na mgongo usio na misuli ni nyumba isiyo na nguzo.

Kuhusu vidonge, tahadhari. Diklofenaki na ndugu zake hutuliza maumivu, lakini vikimezwa kwa wiki na miezi bila ushauri huweza kutoboa tumbo na kuharibu figo. Kidonge kinachomezwa ili mtu arudi kwenye ubao ule ule ulio juu mno hakijatibu kitu. Kimenyamazisha kengele huku nyumba ikiungua.

DALILI ZISIZOSUBIRI

Si kila maumivu ya viungo ni ya kazi, na hapa mwalimu asijitibu kwa kubahatisha. Aende hospitali mara moja endapo miguu inaishiwa nguvu, endapo sehemu za siri na mapaja yamekufa ganzi, au endapo ameshindwa kuzuia au kutoa haja. Hiyo ni dharura. Aende pia upesi ikiwa mgongo unauma usiku na mchana pamoja na homa, jasho la usiku na kupungua uzito, kwa kuwa kifua kikuu hushambulia hata pingili za mgongo.

Katika nchi ya wafugaji kama Simiyu kuna jingine la kukumbuka, nalo ni brusela, ugonjwa unaofanya ng'ombe na mbuzi watupe mimba. Mtu huupata kwa kunywa maziwa yasiyochemshwa au kwa kugusa kondo la mnyama mgonjwa. Huleta homa zinazokuja na kwenda, uchovu, na maumivu ya viungo na kiuno, na watu wengi huudhani ni malaria. Maziwa na yachemshwe.

Mwalimu wa serikali hukatwa mchango wa bima ya afya kila mwezi. Basi na aitumie. Bariadi kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Simiyu, na kwa mambo makubwa zaidi kuna Bugando, Mwanza, na Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam. Aulize habari za fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi na kukandwa chini ya mtaalamu. Na hata kama hakuulizwa, aseme mwenyewe: mimi ni mwalimu, nasimama saa kadhaa kwa siku, mkono huu ndio unaoandika.

KILICHOANDIKWA HUSHUGHULIKIWA

Sheria zipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humtaka mwajiri alinde afya ya wafanyakazi wake. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliunda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015 kwa ajili ya sekta ya umma na sekta binafsi Tanzania Bara. Mchango wake hutolewa na mwajiri, mfanyakazi hakatwi hata senti. Shirika la Kazi Duniani nalo, katika orodha yake ya magonjwa ya kazini ya mwaka 2010, limeyataja magonjwa ya misuli na viungo yatokanayo na kurudia miendo na kukaa katika mikao migumu.

Hii haina maana kwamba kila mwenye kuumwa kiuno atalipwa. Lazima daktari athibitishe kwamba ugonjwa umetokana na kazi, na taarifa itolewe ndani ya muda wa sheria. Hapo ndipo walimu wengi hupoteza haki yao mapema, kwa kuwa hakuna karatasi hata moja iliyoandikwa katika miaka yote ya kuumwa. Mwalimu anayeumwa na amwandikie mkuu wake wa shule. Atunze nakala, na cheti cha daktari akiweke pamoja nayo. Wawakilishi wa chama cha walimu nao waulize katika mikutano yao ni wangapi wanaumwa, wapi, na tangu lini. Walimu kumi wakiandika bega la kulia, hilo si tena bega la mtu, bali ni habari ya shule.

Nasi wazazi tusibaki watazamaji. Kamati ya shule ambayo imeweza kujenga darasa haiwezi kushindwa kumwita seremala atengeneze viti sita vyenye mgongo na meza zenye kimo cha kufaa, wala kumlipa mwashi nusu siku ashushe ubao. Jumapili hii, mwanao akikueleza aliyojifunza wiki nzima, mwulize jambo moja la ziada: mwalimu wako, akisahihisha madaftari yenu, hukalia nini? Kisha ulipeleke jibu lake kwenye kikao kijacho cha wazazi.